Sowande: Mpiga kinanda ambaye hakuisahau lugha ya kwao

Jina Fela linapotajwa, wengi wetu humkumbuka Fela Kuti, mwanamuziki wa Lagos aliyefariki mwaka wa 1997. Ni wachache mno wanaomjua Fela mwingine, Mnigeria vilevile, ambaye alibobea katika ala ambayo watu wengi hawangetarajia Mwafrika wa enzi za ukoloni aiguse. Huyo ni Fela Sowande, mpiga kinanda, mtunzi na profesa. Maisha yake yanawahusu walimu na wanafunzi wa Kenya kwa sababu yanajibu swali ambalo bado linatutatiza: je, ni lazima anayebobea katika elimu ya kigeni aipe kisogo lugha ya mama yake?

Sowande alizaliwa mwaka wa 1905. Babake alikuwa kasisi wa Kianglikana na mwanamuziki. Mtoto huyo aliimba katika kwaya ya Kanisa Kuu la Kristo jijini Lagos, na huko akawa mwanafunzi wa Ekundayo Phillips, aliyeongoza muziki wa kanisa hilo tangu 1914 hadi 1962.

Phillips alikuwa ametambua tatizo ambalo kimsingi ni la kiisimu. Kiyoruba ni lugha ya toni, yaani neno huweza kubadilika maana kwa kupandishwa au kushushwa sauti tu. Chukua mfano wa neno igba. Likitamkwa kwa toni moja ni kibuyu, kwa nyingine ni mia mbili, na kwa nyingine tena ni wakati. Wamishonari walipozitafsiri nyimbo za Kiingereza, waliyabandika maneno ya Kiyoruba juu ya mahadhi yale yale ya Uingereza. Mahadhi yakawa yanapanda pale ambapo neno lilitaka kushuka. Waumini wakajikuta wanaimba maneno yaliyopotoka maana, au yasiyo na maana kabisa. Ndipo Phillips akaanza kutunga mahadhi yaliyoifuata toni ya neno. Sowande alilelewa katika fikra hiyo.

Mnamo mwaka wa 1934 Sowande alikwenda London kusomea uhandisi. Muziki haukumwachilia. Alijikimu kwa kupiga piano na kinanda katika bendi za jazi na kumbi za starehe, huku akijifunza kwa bidii kazi za watunzi wakuu wa Ulaya. Mwaka wa 1943 alifuzu mitihani na kupewa daraja ya juu katika Chuo cha Kifalme cha Wapiga Kinanda cha Uingereza.

Yafaa msomaji aelewe kwamba kinanda tunachokizungumzia si kile kidogo cha umeme tulichokizoea. Ni chombo kinachoweza kujaza ukuta mzima, chenye mamia au hata maelfu ya mabomba, na kila bomba lina sauti yake moja. Upepo ndio unaoyafanya mabomba hayo yalie. Mpigaji hutumia mikono yake juu ya safu kadhaa za vibonyezo, na miguu yake juu ya safu nyingine iliyo chini. Kuanzia mwaka wa 1945 hadi 1952, Sowande alikuwa mpiga kinanda wa kanisa la Kimethodisti lililokutana katika ukumbi wa Kingsway jijini London. Nchi yake ilikuwa bado inatawaliwa kutoka jiji hilo hilo.

Lau angeishia hapo, tungemsifu kwa ustadi tu. Lakini Sowande hakuridhika kuzipiga kazi za wengine. Mwaka wa 1944 alitunga African Suite, kazi ya ala za nyuzi. Kwa kinanda alitunga kazi kama vile Oyigiyigi, Obangiji na Yoruba Lament, ambazo zimejengwa juu ya mahadhi ya Kiyoruba. Mahadhi ambayo Phillips alitaka yaiheshimu lugha sasa yakatoka katika mabomba ya kinanda cha Kizungu.

Katika miaka ya 1950 alirejea nyumbani na kuongoza idara ya muziki katika shirika la utangazaji la Nigeria. Nchi hiyo ilipopata uhuru mwaka wa 1960, alitunga simfonia iliyotokana na nyimbo za kienyeji. Baadaye alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Ibadan, akitafiti muziki na imani za jadi za Wayoruba. Tangu mwaka wa 1968 alifundisha katika vyuo vikuu vya Marekani, na huko ndiko alikofariki mwaka wa 1987.

Wapo watakaosema kwamba Sowande alibaki mtumwa wa ala ya kigeni. Hoja hiyo ina uzito. Vinanda vya aina hiyo ni vichache barani Afrika, na kwa hiyo Waafrika wengi hawajapata kamwe kuzisikia kazi zake. Hata hivyo, utumwa hautokani na chombo. Hutokana na kuamini kwamba chombo hicho hakiwezi kubeba chochote kitokacho kwetu.

Hapa ndipo somo letu lilipo. Kikuyu, Kikamba na Kijaluo pia ni lugha za toni, lakini ni mwalimu yupi wa kwaya anayeichunguza toni ya neno kabla ya kulitia katika wimbo? Kiswahili nacho kina mkazo wake katika silabi ya pili kutoka mwisho, na kila mara tunaukanyaga kwa mahadhi ya kuazima. Wengi wa kizazi changu tuliadhibiwa shuleni kwa kusema lugha ya mama. Tulipokua tukadhani usomi ni kuisahau. Ilhali wimbo wetu wa taifa wa mwaka wa 1963 uliundwa kutokana na bembea ya Wapokomo, na hakuna aliyeuona wa kishamba.

Mwalimu hana haja ya kinanda cha mabomba elfu ili kumfuata Sowande. Aanze na wimbo mmoja ambao wanafunzi wake waliusikia kwa nyanya zao, kisha awafundishe kuuandika, kuuchanganua na kuuimba bila ya kulipotosha neno.