Kardinali Lavigerie, Baba wa Watoto Yatima

Katika siku hizi za jubilei yetu tunawakumbuka wale waliotuletea Habari Njema. Jina la Kardinali Lavigerie twalijua, kwa kuwa ndiye aliyeanzisha mashirika ya Mapadri Weupe na Masista Weupe. Lakini si wote wanaojua ya kwamba mashirika hayo yalizaliwa kando ya watoto wenye njaa. Ndiyo habari tunayotaka kuwaeleza.

Charles Lavigerie alizaliwa tarehe 31 Oktoba 1825 karibu na mji wa Bayonne, katika Ufaransa. Alipewa upadri mwaka 1849, kisha akafundisha historia ya Kanisa huko Paris. Mwaka 1860 Wakristu wengi waliuawa katika Lebanoni na Siria. Padri Lavigerie alipeleka misaada huko, akawaona kwa macho yake wajane na watoto waliobaki bila mtu.

Mwaka 1863 akawa Askofu wa Nancy, na mwaka 1867 Askofu Mkubwa wa Algiers, katika Aljeria. Aliikuta nchi katika mateso makubwa: nzige, ukame, kipindupindu na, mwisho wa yote, njaa. Watoto walizunguka njiani, wazazi wao wamekufa. Askofu akaagiza wapokelewe wote. Hesabu yao ikapanda hata karibu 1,800. Aliandika barua nyingi Ulaya kuomba sadaka, naye mwenyewe akasafiri kuzitafuta. Hata hivyo watoto wengi walikuwa wamekwisha dhoofika, wakafa mikononi mwa waliowatunza.

Hapo ukatokea ugomvi. Watoto hao walikuwa wa jamaa za Kiislamu. Gavana Mac-Mahon aliogopa fitina katika nchi, akataka warudishwe kwa makabila yao. Lavigerie akakataa, maana aliona ya kuwa kuwarudisha mahali pasipo na chakula ni kuwaua. Mwaka 1868 serikali ya Kaisari Napoleon III ikamwachia kazi yake. Tena aliagiza kwamba mtoto asilazimishwe kubatizwa, bali achague mwenyewe akiisha kupata akili. Tusifiche neno: Waislamu wengi waliendelea kuwa na mashaka. Nasi tunajifunza hapo jambo zito. Mtoto anayekula mkononi mwetu hana nguvu ya kutukatalia. Kwa hiyo ni juu yetu sisi kuulinda uhuru wake.

Kazi hiyo ilihitaji watu. Mwaka 1868 Lavigerie akaanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika, na mwaka 1869 lile la Masista. Aliwataka waseme lugha ya watu, wale chakula chao na kuvaa kama wao.

Yatima walipokua, hakuwaacha. Katika miaka ya 1870 aliwajengea vijiji katika bonde la mto Chelif. Kijana na binti walipooana walipewa nyumba na shamba. Alijua ya kuwa yatima hapaswi kubaki yatima siku zote. Sharti naye awe baba au mama wa watu.

Desturi hiyo ilifika hata ziwa letu la Tanganika. Mapadri aliowatuma mwaka 1878 walifika Ujiji Januari 1879, na baadaye wakakaa Kibanga na Mpala. Huko waliwakomboa watoto waliotekwa na wauza watumwa, wakawalea. Mmoja wa watoto waliokombolewa, Adrien Atiman, alitoka upande wa Sudani ya Magharibi. Alisomea uganga huko Malta, akawaponya wagonjwa wa Karema tangu mwaka 1889 hata alipokufa mwaka 1956.

Mwaka 1888 Kardinali, ingawa alikuwa mzee, alihubiri Paris, London na Brussels akiushitaki utumwa mbele ya wakubwa wa Ulaya. Alifariki Algiers tarehe 26 Novemba 1892.

Wandugu, vita na magonjwa vimetuachia yatima wengi. Wazee wetu walisema mtoto ni wa ukoo mzima. Tukiimba jubilei na huku mtoto wa marehemu jirani analala njaa nyuma ya nyumba, sherehe yetu ni kelele tu. Basi kila shirika, kila jamaa, itazame ni nani aliyebaki peke yake, imwite kwa jina, imkaribishe mezani. Mungu, Baba wa yatima, atusaidie.