Kirkman alitufukulia nyumba za baridi, sisi tunajenga tanuri

Magofu ya Gede tunayajua. Tulipelekwa na walimu tukiwa shule, na wageni wakija tunawapeleka. Lakini jina la mtu aliyeyatoa magofu hayo chini ya mizizi ya miti wengi wetu hatulijui, na kazi yake ina somo kwa kila anayejenga nyumba leo kati ya Kilifi na Malindi.

James Spedding Kirkman alizaliwa Uingereza mwaka 1906. Hakuwa wa kwanza kuyaona magofu haya. Sir John Kirk, balozi wa Uingereza kule Zanzibar, alifika Gede mwaka 1884, na mwaka 1927 serikali ikayatambua kuwa mahali pa kihistoria. Lakini mji wenyewe ulikuwa bado msitu. Mwaka 1948 Gede ikafanywa hifadhi ya taifa, na Kirkman akaletwa kuilinda na kuichimba. Alifanya kazi hiyo kwa miaka kumi, akiwa na vibarua wa hapa hapa, ambao majina yao hayakuwekwa kwenye majalada ya vitabu.

Walifukua Msikiti Mkuu, jumba la mfalme, na kaburi lenye mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 Miladia. Walifukua pia nyumba za watu wenye uwezo, na Kirkman akazipa majina kwa vitu vilivyookotwa ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Sanduku la Pembe, Nyumba ya Taa ya Chuma. Alipima kila chumba, akachora ramani na kuzichapisha.

Kirkman alikuwa mtu wa vigae na tarehe, hakuandika habari za umeme. Hata hivyo ramani zake zinaonyesha jinsi watu wa Gede walivyoishi na joto. Kuta ni nene, za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Vyumba ni virefu na vyembamba, kwa sababu boriti za mkoko zilizobeba dari haziwezi kuvuka upana mkubwa. Dari lenyewe lilikuwa zito, la mawe na chokaa, na jua la adhuhuri lilichukua muda mrefu kulipenya. Mbele ya vyumba kuna ua wa kuingiza hewa na mwanga. Taa ilikuwa ya mafuta. Baridi ililetwa na nyumba yenyewe.

Jambo jingine aliloliona ni visima. Kisima cha Msikiti Mkuu kilikuwa kimeongezwa kina, na Kirkman akahesabu kushuka kwa maji kuwa miongoni mwa sababu zilizoufanya mji uhamwe. Mji uliojua kushindana na jua ulishindwa pale kitu walichokitegemea kila siku kilipopungua.

Mwaka 1958 alihamia Mombasa. Fort Jesus ilikuwa jela tangu 1895; kwa msaada wa mfuko wa Gulbenkian wa Ureno ikageuzwa makumbusho, yakafunguliwa 1960. Kirkman alikuwa msimamizi wake wa kwanza hadi 1972. Alifariki mwaka 1989.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kazi yake ni kubwa, lakini alikosea jambo moja zito. Kitabu chake cha 1954 kiliiita Gede mji wa Kiarabu, kana kwamba wenyeji walikuwa watazamaji. Wataalamu waliofuata, akiwemo Mkenya Chapurukha Kusimba, wameonyesha kwamba miji hii ilikua kutokana na watu wa pwani wenyewe, waliofanya biashara na dunia nzima. Tofauti hii si ya vitabuni tu. Ujuzi wa mgeni huwekwa makumbusho. Ujuzi wa babu yako unautumia.

Je, tunautumia? Tazama nyumba zinazoota kati ya Gede na Watamu. Bloku nyembamba, mabati yasiyo na dari, madirisha madogo yasiyotazama upepo. Saa sita mchana ni tanuri. Mwenye nyumba ananunua feni, akijaliwa anaongeza kiyoyozi, kisha analalamika tokeni za stima haziishi siku.

Wengine sasa wanakimbilia sola, na ni jambo jema. Jua si haba kwetu: tangu Desemba 2021 mtambo wa Langobaya, hapa hapa Malindi, unaingiza megawati 40 za jua katika gridi ya taifa. Lakini ukiweka paneli juu ya tanuri, umeme wako wote utakwenda kufukuza joto ambalo paa lako limelikusanya. Nyumba yenye kivuli na hewa inatosheka na taa, feni, paneli chache na betri ndogo. Nyumba ya kiyoyozi inataka paneli nyingi na betri kubwa, maana usiku hakuna jua. Kwa hiyo nyumba na sola zipangwe pamoja, siku ile ile mchoro unapochorwa.

Hatuwezi kuiga Gede nzima. Kuchoma chokaa kunakula kuni nyingi, mikoko ya Mida inahitaji kulindwa, na ukuta mnene bila upepo hurudisha joto usiku. Lakini baraza pana, dari chini ya mabati, paa jeupe, madirisha yanayopokea kusi na kaskazi, na mwarobaini upande wa magharibi, hivyo havihitaji utajiri.

Kanuni za ujenzi za 1968, zilizoigwa kutoka Uingereza, zilitutawala zaidi ya nusu karne hadi ilipotoka Kanuni ya Taifa ya Ujenzi ya 2024. Mwaka huo huo wa 2024 UNESCO iliiandika Gede kuwa urithi wa dunia. Basi maafisa wa kaunti ya Kilifi, kabla ya kupiga muhuri mchoro wa nyumba, na wamuulize mjenzi maswali mawili: nyumba hii itapoaje bila stima, na paneli zitakaa wapi? Majibu ya swali la kwanza Kirkman na vibarua wake walishatufukulia.