Hukwe Zawose: Mwalimu wa zeze aliyeacha urithi mikononi mwa watu

KAMA mganda unavyoutambulisha mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, ndivyo zeze na ilimba vinavyoitambulisha nchi ya Wagogo. Aliyezifikisha ala hizo ughaibuni ni marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa Mkoa wa Dodoma, aliyeitwa Dar es Salaam na Mwalimu Julius Nyerere katika miaka ya 1960.

Alikuwa miongoni mwa walimu wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981 na kuwa TaSUBa mwaka 2007. Makumbusho huweza kuhifadhi ala kabatini, lakini ufundi wa kuipiga huhifadhiwa na watu. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Zawose, chuoni na nyumbani.

Alifariki dunia Desemba 30, 2003, mjini Bagamoyo. Jamaa yake, Charles Zawose, aliyezunguka naye nchi nyingi, alifariki mwaka 2004. Vifo hivyo vilitishia kuukata urithi huo.

Haukukatika. Mwaka 2024, binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, waliokuwa waitikiaji kwa miaka mingi, walitoa albamu yao, Maisha.