Margaret Trowell na Mizizi ya Somo la Sanaa Katika Shule za Afrika Mashariki

Historia ya ufundishaji wa sanaa katika shule za Afrika Mashariki haiwezi kuelezwa kikamilifu bila kumtaja Margaret Trowell. Mwanamke huyu Mwingereza alijulikana zaidi kama mwasisi wa shule ya sanaa ya Makerere. Hata hivyo, shabaha yake ilikuwa pana kuliko kuwaandaa wachoraji wa maonyesho. Alitaka kuona uchoraji, ufinyanzi, ususi na uchongaji ukipata nafasi katika elimu ya kila mtoto, bega kwa bega na hesabu, lugha na dini.

Trowell alizaliwa Uingereza mwaka 1904. Alisomea sanaa katika chuo cha Slade, London, kisha akasomea ualimu jijini humo chini ya Marion Richardson. Richardson alikuwa ameasi desturi ya shule za wakati wake, ambapo mtoto aliwekewa chombo mezani na kuamriwa akinakili kwa penseli. Badala yake, aliwasimulia wanafunzi tukio au mandhari kwa maneno, wao wakiwa wamefumba macho, kisha wakachora yale waliyoyaona akilini. Kwa mbinu hiyo, lugha na picha zilikutana katika kipindi kimoja: msamiati wa mwalimu uliamsha taswira, na taswira ikazaa mchoro. Funzo hilo halikumtoka Trowell maishani.

Mwaka 1929 alifika Kenya pamoja na mumewe, daktari Hugh Trowell. Walipokaa Ukambani alipata fursa ya kuwatazama wanawake wakisuka vyondo na mafundi wakichonga vigoda na kutia nakshi vibuyu. Aling'amua kwamba watu hawa hawakutenga sanaa na maisha. Kiondo kilikuwa cha kubebea mavuno na papo hapo kilikuwa pambo. Mtoto alijifunza kukisuka kwa kuketi kando ya mama au nyanya yake. Kinyume chake, shule za wakati huo zilimwondoa mtoto katika malezi hayo bila kumpa badala. Kazi za mikono zilipofundishwa, mara nyingi zilikusudiwa kumzoeza useremala au ushonaji tu.

Familia hiyo ilihamia Kampala mwaka 1935. Miaka miwili baadaye, Trowell alianza kuwafundisha wanafunzi wachache uchoraji kwenye kibaraza cha nyumba yake. Mwaka huo huo wa 1937 alichapisha kitabu kuhusu sanaa na ufundi wa Kiafrika na namna ya kuviendeleza shuleni. Kiini cha hoja yake ni kwamba mwalimu aanzie kwa kilicho karibu na mtoto: udongo wa mtoni, ukindu, magome ya mti, ngano za nyumbani. Kazi za wanafunzi wake zilionyeshwa Namirembe mwaka 1938, na mwaka 1939 zikaonyeshwa London. Hatimaye darasa la kibarazani lilikua likawa idara kamili ya Makerere. Katika miaka ya 1940 alisimamia pia Makumbusho ya Uganda, na mwaka 1953 akachapisha, pamoja na Klaus Wachsmann, utafiti mpana kuhusu ufundi wa jamii za Uganda. Aidha, aliandika vitabu vya kuwaongoza walimu wa sanaa wa shule za Kiafrika, kwa kuwa alitambua kuwa mtaala bila mwalimu aliyeandaliwa ni maneno matupu.

Hata hivyo, fikra zake hazikukosa kasoro. Trowell aliamini kwamba Mwafrika ana namna yake ya kuona iliyo tofauti na ya Mzungu, na kwa sababu hiyo alisita kuwapa wanafunzi mifano ya michoro ya Ulaya, akichelea kwamba wangeiga. Nia ilikuwa kulinda, lakini kinga nayo yaweza kuwa ua. Ni nani aliyempa mgeni mamlaka ya kuamua Uafrika ni upi? Na mwanafunzi anayenyimwa maarifa ya wengine atachagua vipi lililo lake? Cecil Todd alipochukua uongozi wa shule hiyo mwaka 1958 aligeuza mkondo, akasisitiza historia ya sanaa ya Ulaya na elimu ya rangi. Mvutano huo kati ya mizizi na upeo ungali unawakabili waandalizi wa mitaala.

Wanafunzi wake walijibu kwa vitendo. Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya, alichonga mnara wa uhuru uliosimamishwa Kampala mwaka 1962. Sam Ntiro wa Tanganyika alifundisha Makerere, kisha akaiwakilisha nchi yake London baada ya uhuru wa mwaka 1961. Elimo Njau alishiriki kuanzisha kituo cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, akapinga uigaji kwa kauli na kwa kazi. Rosemary Karuga, mwanamke wa kwanza kusomea katika shule hiyo, alifundisha shuleni Kenya kwa miaka mingi kabla ya kupata sifa kwa picha alizounda kwa vipande vya karatasi.

Trowell alirejea Uingereza mwaka 1958 na kufariki mwaka 1985. Mwaka huo huo Kenya ilianzisha mfumo wa 8-4-4, ulioingiza sanaa na ufundi katika ratiba ya shule za msingi. Somo hilo halikudumu na hadhi yake: mtihani wa taifa ulipoacha kulipima, shule nyingi zililiacha pia. Mtaala wa umilisi, uliojaribiwa kuanzia mwaka 2017, umelirejesha kwa jina la sanaa bunifu. Kulirejesha katika ratiba ni hatua ya kwanza tu. Mwalimu wa Kiswahili anayesimulia ngano, kisha akawapa wanafunzi karatasi na rangi wachore walichokisikia, kabla ya kuwataka wakieleze kwa maandishi, tayari ameunganisha fasihi simulizi, sanaa na insha katika somo moja. Hapo ndipo mbegu iliyopandwa kwenye kibaraza cha Kampala inapoweza kuzaa.