Maisha ya John Akii-Bua na Somo la Haki Michezoni

Katika shule zetu kipindi cha michezo aghalabu huhesabiwa kuwa ni cha kupumzisha akili, na mwalimu atakaye kufundisha haki hufungua kitabu cha uraia. Hata hivyo, hapana mahali ambapo mtoto huutambua upendeleo upesi kuliko uwanjani. Mtoto asiyeweza kueleza maana ya neno haki hupiga kelele mara tu aonapo mwenzake ameanzishwa mbele. Ugumu ni kwamba kila ashindwapo hudai ameonewa. Hivyo hana budi afundishwe kupambanua mambo matatu: bahati mbaya, kujinyima kwa ajili ya wengine, na dhuluma. Maisha ya mkimbiaji wa Uganda, John Akii-Bua, yana mifano ya yote matatu, nayo yanamfaa sana mwalimu wa Nyamigogo na shule nyingine za Ngara na Biharamulo.

Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba, 1949, katika nchi ya Walango, kaskazini mwa Uganda. Baba yake alikuwa chifu mwenye wake wengi, na watoto wa nyumba hiyo walikuwa 43. Baba alipofariki, John alikuwa bado kijana, na masomo yake yakakatika. Alichunga ng'ombe, akafanya kazi katika baa ya ndugu yake, kisha akajiunga na jeshi la polisi mjini Kampala. Huko polisi ndiko kipaji chake kilikoonekana. Mwaka 1968 alikuja Uganda mwalimu wa riadha kutoka Uingereza, Malcolm Arnold, naye akamwelekeza katika mbio za mita 400 za kuruka viunzi. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Edinburgh mwaka 1970 alikuwa wa nne. Hakukata tamaa. Alizidisha mazoezi, akikimbia na kuruka viunzi huku amevaa fulana yenye uzito wa kilo 11 hivi.

Mwaka 1972 alikwenda Munich, Ujerumani, kwenye Michezo ya Olimpiki. Fainali ilifanyika tarehe 2 Septemba, naye alipewa njia ya kwanza, iliyo ya ndani kabisa. Wakimbiaji hawaipendi njia hiyo, kwa kuwa kona zake ni kali na humpunguzia mtu mwendo. Pembeni mwake walikuwamo David Hemery wa Uingereza, bingwa wa mwaka 1968 na mwenye rekodi ya dunia ya sekunde 48.12, na Ralph Mann wa Marekani. Akii-Bua aliwapita wote, akamaliza kwa sekunde 47.82. Alikuwa mtu wa kwanza duniani kukimbia mbio hizo chini ya sekunde 48, na Mganda wa kwanza kupata medali ya dhahabu ya Olimpiki. Alipokwisha kuvuka utepe hakusimama, bali aliendelea kuuzunguka uwanja akirukaruka kwa furaha.

Mwalimu na asimame kidogo hapa. Njia ile ya kwanza ilikuwa bahati mbaya, wala haikuwa dhuluma, maana mmoja katika wanane hana budi kuipata, na umbali alioukimbia kila mmoja ulikuwa sawa. Usawa huo haukupatikana kwa kuwapanga wote kwenye mstari mmoja. Katika uwanja wa kawaida wenye njia za upana wa mita 1.22, mkimbiaji wa njia ya nane huanzia mita 53 hivi mbele ya yule wa njia ya kwanza. Atazamaye asijue hesabu atasema huo ni upendeleo, kumbe ndio haki yenyewe.

Aliporudi nyumbani alipandishwa cheo na kupewa nyumba, na barabara moja ya Kampala ikaitwa kwa jina lake. Lakini Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin. Amin alikuwa amempindua Milton Obote, ambaye ni Mlango, mnamo Januari, 1971, na askari wengi wa Kilango na Kiacholi waliuawa. Jina la Akii-Bua likatumiwa kama ushahidi kwamba Walango hawaonewi. Hivyo ushindi alioutolea jasho uligeuzwa kuwa pazia la kufunika damu ya jamaa zake, na yeye hakuwa na namna ya kukataa.

Mwaka 1976 ulikuwa mwaka wa kuitetea medali yake huko Montreal, Kanada. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini, nchi ya ubaguzi wa rangi iliyokwisha kufukuzwa katika Olimpiki. Nchi za Afrika zilitaka New Zealand iondolewe, nao wakuu wa Olimpiki wakajibu kuwa raga haimo katika michezo yao. Zaidi ya nchi 20 zikajitoa, zikiwamo Uganda, Kenya na Tanzania. Akii-Bua hakukimbia. Edwin Moses wa Marekani alishinda na kuivunja rekodi yake. Mtanzania Filbert Bayi, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974, naye aliikosa michezo hiyo.

Hakuna Mwafrika mwenye busara atakayesema kuwa kuupinga ubaguzi kulikuwa kosa. Kujitoa kule kulikuwa kujinyima kwa ajili ya watu wasioruhusiwa hata kuchaguliwa katika timu ya nchi yao. Lakini wanafunzi wakubwa waulizwe: walioamua ni nani, na waliolipa gharama ni nani? Serikali ziliamua. Waliolipa ni vijana ambao miguu yao haikuweza kuwangoja miaka minne mingine.

Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Amin yaliivamia ardhi ya Kagera, na mwezi Aprili, 1979, majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda yaliiteka Kampala. Akii-Bua alihofu kuhesabiwa kuwa mtu wa Amin, akakimbilia Kenya pamoja na jamaa yake, na bingwa wa Olimpiki akawekwa katika kambi ya wakimbizi. Aliyemtoa humo ni kampuni ya viatu ya Puma, iliyompa kazi Ujerumani. Alishiriki tena Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, lakini hakufika fainali.

Yafaa kukumbuka kwamba katika siku za ushindi wake riadha ilikuwa mchezo wa ridhaa. Sheria ilimkataza mkimbiaji kulipwa, ilhali viingilio na haki za televisheni viliwaingizia wengine fedha. Sheria hiyo ilionekana sawa kwa wote, lakini mtoto wa tajiri aliweza kuitii pasipo kulala njaa, na mtoto wa maskini hakuweza. Hii ndiyo dhuluma iliyo ngumu kuonekana, kwa sababu imevaa vazi la usawa. Akii-Bua alirejea Uganda akawa mwalimu wa riadha, akafariki tarehe 20 Juni, 1997, akiwa na umri wa miaka 47. Serikali ilimzika kwa heshima za taifa. Mwezi Agosti mwaka huohuo, huko Athens, washindi wa mashindano ya riadha ya dunia walipewa zawadi za fedha kwa mara ya kwanza.

Darasani, somo hili lagawanyika katika vipindi viwili. Cha kwanza kifanyike uwanjani kwa kamba, mambo na majivu. Wanafunzi wachore njia za upana wa mita 1, kisha wapime ni kiasi gani njia ya pili yaizidi ya kwanza kwa mzunguko mmoja kamili. Watapata mita 6.28 hivi, yaani mara mbili ya 3.14, uwanja uwe mkubwa au mdogo. Waanze mbio moja kwa mstari mmoja, na nyingine kwa kupishana, walinganishe.

Katika kipindi cha pili mwalimu asimulie maisha haya, na makundi yaweke kila tukio mahali pake: bahati, kujinyima au dhuluma. Watabishana, hasa juu ya Montreal na kambi ya wakimbizi. Mwalimu asiharakishe kuwaamulia. Watoto wa Ngara, ambao wazazi wao waliwapokea wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994, watakuwa na la kusema kuhusu kambi. Hatimaye waitazame shule yao wenyewe: nani hukimbia bila viatu, wasichana hupewa mpira siku ngapi kwa juma, na ni nani huachwa kila timu inapochaguliwa. Majibu yao yaandikwe ubaoni, na mwalimu wa michezo ayatumie anapopanga ratiba ya muhula unaofuata.