Ascari: Bingwa wa dunia aliyekufa akijaribu gari la rafiki

MCHEZAJI akitua klabu mpya kwa majaribio, kila shabiki anajua maana yake. Kocha anamtazama wiki moja, wiki mbili, akiridhika ndiyo bosi anafungua pochi. Magari ya kasi nayo yako hivyo hivyo. Hakuna tajiri mwenye akili timamu anayelipia Ferrari bila kukaa kwanza kwenye usukani, akasikia injini inavyonguruma na breki zinavyoshika.

Tofauti ni moja tu. Winga akichemka kwenye majaribio anapewa nauli, anarudi kwao. Dereva akichemka, anaweza asirudi kabisa.

Aliyeionyesha dunia jambo hilo ni Alberto Ascari wa Italia, bingwa wa dunia wa Formula One mara mbili. Jamaa huyu alipona vita, akapona kutumbukia baharini na gari lake, lakini Mei 26, 1955 alifia kwenye majaribio, tena kwenye gari ambalo siku hiyo hakupangiwa kuliendesha.

Mtoto wa dereva

Ascari alizaliwa Milan, Julai 13, 1918. Baba yake, Antonio Ascari, alikuwa staa wa Alfa Romeo enzi hizo. Julai 26, 1925, Antonio akiwa anaongoza mbio za Grand Prix ya Ufaransa kwenye uwanja wa Montlhéry, karibu na Paris, gari lilimshinda, akafariki dunia akiwa na miaka 36. Alberto ndiyo kwanza alikuwa ametimiza miaka saba.

Ungedhani mtoto angeogopa. Wapi! Alianza na pikipiki, akashindana akiwa na timu ya Bianchi, kisha akahamia kwenye magari.

Mwaka 1940 alipata gari lake la kwanza la mbio. Lilitengenezwa na rafiki wa zamani wa baba yake, Enzo Ferrari, ambaye alikuwa ameachana na Alfa Romeo na kwa mujibu wa makubaliano yao hakuruhusiwa kutumia jina lake kwenye magari. Kwa hiyo gari likaitwa Auto Avio Costruzioni 815. Yalitengenezwa mawili tu, na moja likaenda kwa kijana Ascari. Kwenye mbio za Brescia mwaka huo alianza vizuri, kisha gari likamgomea njiani.

Vita ikasimamisha kila kitu. Ascari na swahiba wake Luigi Villoresi wakaingia kwenye biashara ya usafirishaji, wakipeleka mafuta kwa jeshi la Italia kule Afrika Kaskazini. Vita ilipoisha Ascari alikuwa na mke na familia, na nusura aachane na mbio. Villoresi ndiye aliyembembeleza arudi. Wakaanza na Maserati, na mwaka 1949 wote wawili wakatua Ferrari.

Ushindi tisa mfululizo

Kwa mwonekano usingemdhania. Alikuwa kibonge, hata jina la utani walimpa la Ciccio, ambalo kwa Waitaliano ni kama kusema Bonge. Lakini akikaa mbele kuanzia mzunguko wa kwanza, kumpita ilikuwa shughuli pevu.

Mwaka 1952 alishinda Grand Prix sita kati ya saba za Ulaya zilizokuwa kwenye ratiba ya ubingwa. Ile moja aliyokosa, ya Uswisi, alikuwa Marekani kwa ajili ya mbio za Indianapolis. Mwaka 1953 akashinda tano na kutetea taji lake. Katikati ya misimu hiyo miwili, ukiiacha Indianapolis pembeni, alishinda mbio tisa mfululizo za ubingwa wa dunia. Rekodi hiyo ilikaa miaka 60 kabla ya Sebastian Vettel kuifikia mwaka 2013.

Baada ya hapo ilipita miaka zaidi ya 70 bila Muitaliano mwingine kutwaa ubingwa huo.

Bingwa anayesubiri gari

Mwaka 1954 akafanya uhamisho uliowashangaza wengi. Aliondoka Ferrari akiwa bingwa mtetezi, akaenda Lancia, ambayo gari lake jipya la D50 lilikuwa bado halijaiva. Karibu msimu mzima ukaisha gari likijaribiwa, likirudi gereji, likijaribiwa tena. Ni kama kumwona mfungaji bora wa ligi akikaa benchi kwa sababu viatu vyake havijashonwa.

D50 iliingia mashindanoni kwenye mbio za mwisho za msimu, Hispania, mwezi Oktoba. Ascari akashika nafasi ya kwanza kwenye kupanga mstari, akaongoza, kisha gari likaharibika.

Hapa ndipo pa kutilia maanani. Huyu hakuwa mgeni wa majaribio. Alikuwa mtu anayejua kwamba gari jipya unaliendea taratibu, unalisikiliza, unaongeza mwendo kidogo kidogo.

Tena alikuwa mtu wa tahadhari na imani zake. Paka mweusi alikuwa anamkwepa. Helmeti yake ya bluu ndiyo ilikuwa bahati yake, na hakupenda mtu mwingine aguse vifaa vyake vya mbio.

Akaibuka kutoka majini

Mei 22, 1955, kwenye Grand Prix ya Monaco, gari la Stirling Moss aliyekuwa anaongoza liliharibika. Uongozi ulikuwa unamwangukia Ascari. Raundi hiyo hiyo, akiwa ametoka kwenye handaki, alikosea kona ya karibu na bandari, D50 ikavunja vizuizi na kutumbukia baharini.

Watu walishika vichwa. Baada ya muda mfupi kichwa kikaibuka juu ya maji. Aliogelea, akaokolewa na boti, akatoka na majeraha madogo na pua iliyoumia.

Alhamisi ya Monza

Siku nne baadaye, Alhamisi, Ascari alikwenda kwenye uwanja wa mbio wa Monza, nje kidogo ya jiji la Milan. Alikwenda kutazama tu. Dereva kijana wa Lancia, Eugenio Castellotti, alikuwa anajaribu Ferrari 750 Monza, gari la silinda nne na ujazo wa lita tatu, ambalo wawili hao walipanga kuliendesha kwa kupokezana kwenye mbio za kilomita 1,000.

Ascari hakuja na vifaa. Alikuwa amevaa kama mtu anayekwenda kula mchana na familia yake, tai shingoni. Ile helmeti yake ya bluu haikuwepo, ilikuwa kwenye matengenezo. Ghafla akaomba azungushe raundi chache. Akavua koti, akaazima helmeti nyeupe ya Castellotti, akaingia.

Raundi ya kwanza salama. Ya pili salama. Raundi ya tatu, kwenye kona ya kasi ya Vialone, gari liliteleza, likabiringika na kumrusha nje. Hakukuwa na mkanda wa kumshika wala vyuma vya kukinga kichwa, mambo ambayo magari ya siku hizo hayakuwa nayo. Alifariki dakika chache baadaye.

Kuna waliolaumu upepo, waliolaumu matairi na waliosema kuna mtu alikatiza barabarani. Hakuna lililothibitishwa. Alikuwa na miaka 36, umri ule ule wa baba yake, na tarehe ilikuwa 26 kama ya baba yake. Alizikwa Milan jirani na kaburi la mzee huyo, akiacha mjane, Mietta, na watoto wawili.

Lancia ilijitoa kwenye mbio na kuyakabidhi magari yake kwa Ferrari. Juan Manuel Fangio akatwaa nayo ubingwa wa 1956. Castellotti, mwenye helmeti ile, naye hakufika mbali. Machi 14, 1957 alifia kwenye uwanja wa Modena akijaribu Ferrari.

Leo nyota wengi wa soka wanapenda magari ya kasi, na kabla ya kununua wanapewa nafasi ya kuyaonja. Wenye busara huenda uwanja maalumu, wanafunga mkanda, wanakaa na mwalimu pembeni, wanaacha matairi yapate joto kabla ya kukanyaga mafuta. Wengine wanaona hizo ni mbwembwe kwa sababu ni raundi mbili tatu tu za kuonja.

Ascari aliwahi kuwapita madereva wote wa dunia kwa misimu miwili mfululizo. Monza alihitaji raundi tatu tu za kuonja, na kona iliyomuua sasa inaitwa kwa jina lake.