Karl Landsteiner na Makundi ya Damu

Tumekwisha kujifunza kwamba damu huchukua oksijeni na chakula na kuvipeleka sehemu zote za mwili. Mtu akipoteza damu nyingi huweza kufa. Kwa hiyo tangu zamani madaktari walijaribu kuwatia wagonjwa damu. Mwaka 1667, nchini Ufaransa, Jean-Baptiste Denys aliwatia watu damu ya wanyama. Mgonjwa wake mmoja alipofariki, kazi hiyo ilipigwa marufuku. Katika karne ya 19 madaktari walitumia damu ya watu. Wagonjwa wengine walipona, lakini wengine walitetemeka, wakashikwa na homa, wakafa. Hakuna aliyejua sababu. Aliyeigundua ni Karl Landsteiner.

Landsteiner alizaliwa tarehe 14 Juni 1868 huko Austria. Baba yake, aliyekuwa mwandishi wa magazeti, alifariki Karl alipokuwa na umri wa miaka sita tu, naye akalelewa na mama yake. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Vienna, akahitimu mwaka 1891. Baadaye alisoma pia kemia huko Ujerumani na Uswisi.

Kwenye mwaka 1900 alifanya jaribio rahisi. Alichukua damu yake mwenyewe na ya wenzake wa kazini. Alitenga chembe nyekundu na majimaji ya kila damu. Kisha alichanganya chembe za mtu mmoja na majimaji ya mtu mwingine, akatazama. Katika michanganyiko mingine chembe hazikubadilika. Katika mingine ziligandamana, zikafanya vibonge. Watu wote hao walikuwa wazima. Basi kugandamana huko hakukuletwa na ugonjwa, bali na tofauti za damu zenyewe.

Mwaka 1901 alitangaza kwamba yapo makundi matatu ya damu. Mwaka uliofuata wenzake waligundua kundi la nne. Leo tunayaita A, B, AB na O. Chembe za kundi A zina alama A, na za kundi B zina alama B. Za kundi AB zina alama zote mbili, na za kundi O hazina hata moja. Majimaji ya damu hushambulia alama ambayo chembe zake hazina. Kwa sababu hiyo, mtu wa kundi A akitiwa damu ya kundi B, chembe ngeni hugandamana na kupasuka. Figo zake huweza kuharibika, naye huweza kufa.

Mwaka 1907, mjini New York, daktari Reuben Ottenberg alianza kupima damu ya mtoaji pamoja na ya mgonjwa kabla ya kumtia mgonjwa damu. Tangu hapo hatari ilianza kupungua.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza maisha yalikuwa magumu Austria. Mwaka 1919 Landsteiner alihamia Uholanzi, na baadaye Marekani. Mwaka 1930 alipewa Tuzo ya Nobel. Mwaka 1940, pamoja na Alexander Wiener, alitangaza alama nyingine iitwayo Rhesus. Damu yenye alama hiyo huitwa chanya, na isiyo nayo huitwa hasi. Alifanya kazi mpaka siku zake za mwisho. Aliugua ghafula akiwa maabarani, akafariki siku mbili baadaye, tarehe 26 Juni 1943.

Kazi yake huokoa maisha katika hospitali zetu. Mtoto wa Ngokolo, mjini Shinyanga, huweza kupungukiwa na damu kwa sababu ya malaria. Mama huweza kutokwa na damu nyingi anapojifungua. Mchimba dhahabu wa Geita huweza kuangukiwa na kifusi. Wote hao huenda wakahitaji damu.

Damu hutolewa na watu wenye afya njema, wasiopungua umri wa miaka 18. Hupimwa kundi lake, na pia kama ina virusi vya UKIMWI, homa ya ini au kaswende. Kabla ya kuitundika, muuguzi huuliza jina la mgonjwa, kisha hulinganisha jina na kundi lake na maandishi ya mfuko. Mwenzake hukagua tena. Muuguzi humwangalia sana mgonjwa dakika 15 za kwanza. Mgonjwa akitetemeka, akipata homa au akiumwa mgongo, muuguzi huifunga damu mara moja na kumwita daktari.

Tangu mwaka 2004, tarehe 14 Juni, siku aliyozaliwa Landsteiner, ni Siku ya Wachangia Damu Duniani.

Maswali
1. Taja makundi manne ya damu.
2. Landsteiner alijuaje kwamba kugandamana kwa chembe hakukuletwa na ugonjwa?
3. Kwa nini ni hatari kumtia mtu wa kundi A damu ya kundi B?
4. Muuguzi hukagua nini kabla ya kuitundika damu?